Mzee Anapopaliwa Kila Akila: Maswali ya Familia za Bukavu

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu naifanya nyumbani kwa watu, Kadutu na Bagira zaidi, mitaa ya Bukavu huku mashariki ya Kongo, kwa wazee wasioweza tena kushuka na kupanda vilima vyetu kwenda kituo cha afya. Swali ninalopokelewa nalo mlangoni ni lile lile: "Muganga, mbona mama hataki tena kula?" Huwa naomba nikae kando wakati wa chakula, niangalie tu. Mara nyingi naona kwamba mama anataka kula, ila anaogopa. Jana alipaliwa na maji mbele ya wajukuu, juzi alipaliwa na mchuzi, na leo kila kijiko kinachomkaribia kinamrudishia hofu ile. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayowapa watu wakiwa wamekaa mbele yangu. Hayachukui nafasi ya kupimwa na daktari.

Kupaliwa ni nini hasa?

Kooni kuna njia panda. Njia moja, umio, inapeleka chakula tumboni; nyingine inapeleka hewa mapafuni. Weka kidole juu ya kongomeo lako, kisha umeze mate. Unasikia linavyopanda na kushuka? Linapopanda, kile kifuniko tunachokiita kidakatonge kinaifunika njia ya hewa, pumzi inasimama kidogo, tonge linapita, kisha mlango unafunguka tena. Yote hayo huisha kwa muda wa kama sekunde moja, nasi tunayafanya mamia ya mara kwa siku bila kuwaza.

Kwa mzee misuli hiyo hupoteza nguvu na kuchelewa. Chakula kinafika njia panda kabla mlango haujafungwa, kidogo kinadondokea upande wa hewa, na mwili unakikohoa kitoke. Huko ndiko kupaliwa. Maji hukimbia kuliko kitu kingine chochote, ndiyo maana mzee wako anaweza kumeza ndizi iliyopondwa bila shida lakini akapaliwa na glasi ya maji. Watu hushangaa kwa hilo: "Hata maji yanamshinda!" Maji ndiyo magumu zaidi.

Je, ni uzee tu, au ni ugonjwa?

Uzee peke yake humfanya mtu ameze polepole, lakini haumfanyi apaliwe kila siku. Akipaliwa kila siku, kuna sababu, na inafaa kutafutwa. Ya kwanza ninayoifikiria ni kiharusi: karibu nusu ya watu waliopata kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo, na wengi wao hurudi kumeza vizuri baada ya wiki chache wakitunzwa vizuri. Halafu kuna ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, na kuna ugonjwa wa kusahau, ambapo mtu anaweka chakula mdomoni kisha anasahau la kufanya.

Kuna sababu ndogo zaidi ambazo familia hazizitazami. Meno yamekwisha. Mdomo umekauka kwa sababu ya dawa, kwa mfano zile za kuongeza mkojo, amitriptilini, au baadhi ya dawa za mafua na mzio. Ulimi una utando mweupe wa fangasi, hasa kama mzee ametoka kumaliza antibiotiki au kinga yake imeshuka, na kumeza kunamuuma. Haya yanatibika kwa muda mfupi. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, washa tochi ya simu, mwombe afungue mdomo, uangalie.

Niangalie dalili gani wakati anakula?

Kikohozi wakati wa kula au dakika chache baadaye ndicho ambacho kila mtu anakijua. Mimi husikiliza sauti. Baada ya vijiko viwili vitatu namwomba mzee aseme "aaa" au anitajie jina la mjukuu wake. Sauti ikitoka kama mtu anayeongea na maji kooni, ujue kuna kitu kimebaki juu ya njia ya hewa. Angalia pia machozi yanayomtoka ghafla, pua inayotiririka, pumzi inayoenda mbio, chakula kilichojificha shavuni nusu saa baada ya kula, mate yanayodondoka, na chakula kinachochukua zaidi ya nusu saa wakati zamani kilikuwa cha dakika kumi.

Kuna wazee ambao hawakohoi kabisa. Koo lao limepoteza hisia, chakula kinashuka mapafuni kimyakimya. Hawa wanajulikana kwa mambo mengine: homa zinazorudi, nimonia mara mbili au tatu kwa mwaka, kitenge kinachozunguka kiuno mara mbili ilhali zamani kilikuwa kinatosha mara moja. Mzee wa namna hii asisubiri. Mpeleke.

Papa ameanguka, uso umepinda upande mmoja. Majirani wanamletea maji ya sukari.

Msimpe. Wala maji, wala chai, wala kidonge, wala mafuta ya kuombea mdomoni. Najua majirani wanafanya kwa upendo, na kwetu mtu akianguka kitu cha kwanza ni kikombe cha maji ya sukari. Lakini uso uliopinda, mkono usioinuka na ulimi mzito ni dalili za kiharusi, na koo lake huenda limelala kama ule mkono ulivyolala. Maji hayo yataingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu, kumbukeni saa dalili zilipoanza kwa sababu daktari ataiuliza, na mmpeleke hospitali mara moja. Hata huko, ombeni muuguzi amjaribu kumeza kwa vijiko vidogo vya maji kabla ya mtu yeyote kumletea uji kutoka nyumbani.

Nimkalishe vipi?

Hapa nieleze polepole, kwa maana hapa ndipo ninapoona makosa mengi, na hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Papa yangu alipopata kiharusi nilimlisha akiwa amelala, kichwa kwenye mito miwili, mimi nimesimama juu yake na kijiko. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini. Alipata nimonia wiki ileile. Nilikuwa tayari muuguzi, lakini hakuna aliyekuwa amenifundisha kulisha.

Mzee akae wima, mgongo umeegemea, makalio yamesukumwa nyuma kabisa ya kiti, miguu imegusa chini. Kama kiti ni kirefu, weka bidoni (dumu) iliyolazwa au jiwe lililofunikwa kitambaa chini ya nyayo. Miguu inayoning'inia humfanya ateleze. Kama hawezi kutoka kitandani, mwinue kwa mito na blanketi zilizokunjwa mpaka akae, si mpaka aegemee tu. Kama upande mmoja umelegea, weka mto ubavuni upande huo.

Wewe kaa pia. Kaa mbele yake, macho yako yawe sawa na yake au chini kidogo. Ukisimama, atainua uso kukutazama, na kichwa kilichoinuliwa nyuma kinafungua njia ya hewa wazi. Zima redio, waombe watoto wacheze nje. Kijiko kiwe cha chai, kisijazwe. Kiingize katikati ya ulimi, bonyeza kidogo chini, kitoe kikiwa kimenyooka bila kukikwangua kwenye meno ya juu. Sasa ngoja, na macho yako yawe kwenye kongomeo. Limepanda? Limeshuka? Basi kijiko kingine. Kama halijapanda, usiongeze, hata kama mdomo uko wazi. Wazee wengine humeza mara mbili kwa kijiko kimoja, waache wamalize. Na usimwulize swali chakula kikiwa bado mdomoni.

Akimaliza, abaki amekaa angalau nusu saa. Kumlaza haraka ili "apumzike" kunaleta chakula juu tena.

Kuhusu kuinamisha kidevu kuelekea kifuani wakati wa kumeza: kunawasaidia wengi, si wote. Jaribu na kijiko kimoja cha kitu kizito, usikilize sauti yake. Kukimsumbua, acha kichwa kikae sawa tu.

Bugali je?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na si kwa sababu ya koo peke yake. Mzee wa Bukavu asiyekula bugali anakuambia hajala. Unaweza kumpa mayai, viazi na maziwa, jioni atamwambia mgeni kwamba leo ameshinda njaa. Ninaliheshimu hilo. Lakini tuseme ukweli kuhusu bugali: tumezoea kuufinyanga tonge, kuuchovya na kuumeza bila kuutafuna. Bugali wa muhogo unavutika na kushikamana. Ukikwama kooni kwa mzee dhaifu, unaziba kama kizibo. Kwa mtu anayepaliwa kila siku, bugali wa muhogo mtupu ndio chakula cha kwanza ninachoomba kisimamishwe.

Siamuru uondolewe mezani moja kwa moja. Kwa wenye shida ndogo tunajaribu bugali wa mahindi, uliopikwa laini sana, karibu na uji mzito, uliochanganywa kabisa na mchuzi mpaka hauvutiki. Kuna kipimo cha macho: chota kwa kijiko, kigeuze. Chakula kidondoke chote kwa pamoja, kijiko kibaki karibu safi. Kikining'inia na kunata kwenye kijiko, kitanata pia kooni. Kikimwagika kama maji, ni chepesi mno. Kipimo hicho kimo katika mfumo wa kimataifa wa kupanga vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, unaoanzia ngazi 0, maji matupu, mpaka ngazi 7, chakula cha kawaida. Hauhitaji mashine yoyote.

Na vyakula vyetu vingine? Tuna bahati. Avoka iliyopondwa ni laini, ina mafuta, inateremka. Mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, yakipigwa vizuri mabonge yaishe, ni chakula na kinywaji kwa pamoja. Viazi na ndizi zilizopondwa na mchuzi ni nzuri. Zikiwa kavu, hapana. Sombe, majani ya muhogo, inafaa ikiwa imetwangwa sana, imepikwa muda mrefu na vijiti vyote vimetolewa. Maharagwe yapikwe mpaka yafe kabisa, yapondwe, kisha yapitishwe kwenye chujio la juisi ili maganda yabaki juu. Maganda hayo hushika kwenye koo kama karatasi iliyolowa.

Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga zinazovunjikavunjika mdomoni ziacheni kwa vijana. Zile kavu, zioshe mchanga utoke, zianike tena, zitwange kinuni mpaka ziwe unga, zichuje, kisha weka kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji au kwenye viazi. Mama mmoja kule Kadutu alinionyesha namna yake: anaweka mkono mmoja juu ya kinu ili unga usiruke, anatwanga kidogokidogo, kisha anasugua unga kati ya vidole akitafuta mwiba. Akikuta hata mmoja, anarudisha wote kinuni. Umeme ukikatika wiki nzima, mzee wake bado anakula samaki.

Vinavyonipa wasiwasi zaidi ni vyakula vya namna mbili kwa pamoja: mchuzi mwepesi wenye vipande vya nyama, mkate uliolowekwa kwenye chai, wali mkavu ulioachana punje punje. Maji yanatangulia kooni wakati mdomo bado unatafuta vipande. Karanga nzima na popkoni hapana kabisa. Siagi ya karanga isiliwe kwa kijiko. Iyeyushwe ndani ya uji.

Anakula kidogo sana. Namwongezeaje nguvu?

Vijiko vyake ni vichache, basi kila kijiko kiwe na kitu ndani. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, ni mwanzo mzuri. Ongeza yai lililopigwa na kupikwa ndani yake, siagi ya karanga, au mafuta: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120, bila kumwongezea kazi ya kumeza. Mgawie chakula mara tano au sita kwa siku badala ya mara mbili, na kile kikubwa kiwe asubuhi akiwa na nguvu. Mpime uzito kila mwezi kama mna mzani karibu.

Maji yanampalia. Nimpe vipi?

Jambo la kwanza si kuyafanya mazito. Jaribu kumkalisha vizuri, funda moja dogo kwa wakati, kwa kijiko au kwa kikombe kipana kilichojaa karibu mpaka juu, ili asilazimike kuinua kichwa. Kikombe chembamba kilichobaki na maji chini humlazimisha mtu kutupa kichwa nyuma. Unaweza kuchukua kikombe laini cha plastiki na kukikata nusu duara upande wa pua, ukingo ukalainishwa. Atakunywa mpaka mwisho kidevu kikiwa chini.

Ikiwa bado anapaliwa, daktari au muuguzi anaweza kushauri vinywaji vizito. Vinateremka polepole na kulipa koo muda wa kujifunga. Lakini vina gharama yake: watu wengi hawavipendi, hunywa kidogo, na ukosefu wa maji huwaangusha kwa namna nyingine, mkojo mweusi, kuchanganyikiwa, choo kigumu. Ndiyo maana siwashauri watu wajianzishie wenyewe tu.

Mkishaambiwa muwape uji mwepesi au juisi iliyotiwa unga wa mahindi ukapikwa, kuna namna ya kupima uzito wake bila kubahatisha. Nunua farmasi bomba la sindano la mililita 10, lile ambalo mistari yake kuanzia 0 hadi 10 ina urefu wa karibu milimita 61. Toa kisukumio, ziba tundu la chini kwa kidole, mimina kinywaji mpaka 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Kikibaki chini ya mililita 1, ni sawa na maji. Kikibaki kati ya 1 na 4, ni kizito kidogo sana. Kati ya 4 na 8, kizito kiasi. Zaidi ya 8 lakini kinatiririka, ni kizito hasa. Pima kikiwa na joto lile atakalonywea, kwa sababu uji huzidi kuganda ukipoa. Na mate hulainisha wanga: kikombe kilichoguswa na mdomo kisha kikawekwa kando kitakuwa chepesi baada ya muda. Mimina kidogokidogo kwenye kikombe kingine.

Kwa kawaida mwanamke mzee anahitaji vinywaji vya karibu lita 1.6 kwa siku, mwanamume lita 2, isipokuwa daktari amezuia kwa sababu ya moyo au figo.

Naweza kusaga dawa zake?

Si zote, na naomba mnisikilize hapa. Angalia pakiti. Ukiona herufi LP baada ya jina, maana yake dawa hiyo imetengenezwa iachiliwe polepole mwilini kwa saa nyingi. Nifedipini LP ya presha ni mfano tunaoukuta kila siku. Ukiisaga, dozi ya saa 12 au zaidi inaingia mara moja, presha inashuka ghafla, mzee anaanguka. Vidonge vyenye gamba la kulinda tumbo navyo visisagwe.

Doksisaiklini, vidonge vya damu vyenye chuma, na alendronati ya mifupa vikikwama kwenye umio vinauchoma. Vimezwe mtu akiwa amekaa wima na asilale kwa nusu saa baadaye. Na kama hawezi kunywa maji ya kutosha kuviteremsha, mwombeni daktari abadilishe. Zinazoruhusiwa kusagwa, zichanganye na kijiko cha avoka au mashanza, moja moja, si kwenye sahani nzima ya chakula ambayo huenda asiimalize.

Anafunga mdomo. Tumshike pua?

Hapana. Wala msimsukumie uji kwa sindano mdomoni. Mtu aliyebanwa pua hufungua mdomo ili avute hewa, na chakula huifuata hewa hiyo. Mdomo uliofungwa ni neno. Tafuteni linasema nini. Jino linauma? Uji ni wa moto? Ameshiba? Amechoka? Mweke kijiko tupu mdomoni, wakati mwingine kinaamsha kumeza. Mshike mkono wake mwenyewe, kijiko kiwe katika vidole vyake, umwongoze: mkono unakumbuka njia ya mdomoni hata pale kichwa kimesahau. Ikishindikana, ondoa sahani, rudi baada ya saa moja.

Kupiga mswaki kunahusianaje na mapafu?

Kunahusiana sana. Kila mtu humeza vibaya mate yake mara kwa mara, hasa usiku. Mdomo mchafu ukishusha mate yenye wadudu mapafuni, hapo nimonia inapata mbegu. Utafiti wa miaka miwili katika nyumba 11 za wazee huko Japani, uliochapishwa kikamilifu mwaka 2002, ulionyesha kwamba wazee waliosafishwa mdomo baada ya kila chakula walipata nimonia kidogo kuliko wenzao. Hata asiye na jino: funga kitambaa safi kidoleni, kiloweshe, kikamue, pangusa fizi, ulimi na ndani ya mashavu, asubuhi na usiku. Meno ya bandia yatolewe usiku.

Wengine wanasema akatwe kilimi, wengine wanasema ni karuho, sumu ya kulishwa kwa siri.

Nimekaa na familia nyingi zilizosikia hayo, na siwadharau. Mtu akimpenda mzazi wake atajaribu kila mlango. Kilimi, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya mdomo, haizuii chakula kupita. Kuikata kunaleta damu nyingi na vidonda, wembe unaweza kuleta maambukizi, na kumeza kunabaki palepale au kunazidi kuwa kubaya. Msikate.

Kuhusu karuho: anayekonda na kukohoa anastahili kupimwa kifua kikuu, kiharusi, saratani. Dawa za kumtapisha mtu ambaye koo lake halijifungi zinaweza kumuua siku hiyohiyo. Kama familia imegawanyika, mimi huomba kitu kimoja: hospitali kwanza, wiki hii, kabla ya dawa yoyote ya kutapisha.

Akisakamwa kabisa, hawezi kukohoa wala kusema?

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa, simama ubavuni mwake, mwinamishe mbele, mpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Haijatoka? Simama nyuma yake, zungusha mikono, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa nguvu kuelekea kwako na juu mara 5. Rudia kwa zamu, 5 na 5. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Akipoteza fahamu, mlaze chini, anza kubonyeza kifua, na mtu mwingine atafute gari. Akipona baada ya kuvutwa tumbo, apimwe hata hivyo.

Maji yanapita, lakini chakula kigumu kinakwama kifuani.

Hii ni shida nyingine, ya umio wenyewe. Ikiwa ilianza na nyama, ikaja kwenye bugali, sasa hata uji unasumbua, na uzito unashuka, msisubiri hata mwezi mmoja. Saratani ya umio huanza hivyo, na ukanda wetu wa mashariki ya Afrika unaijua vizuri kupita sehemu nyingi za dunia. Ombeni fibroskopi, kipimo cha kuingiza kamera kupitia mdomoni. Kuna sababu nyingine zisizo saratani, kama kovu la asidi, nazo hutibika. Kwa wengine wote nyumbani: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kupita nyuzi 65, huenda husababisha saratani hiyo. Chai ipoe kidogo.

Mama analia kwa sababu hostia inamkwama.

Hostia kavu hunata kwenye kaakaa, na kwa mdomo usio na mate inakuwa mateso mbele ya watu. Mwambieni padri kabla ya Misa; hamtakuwa wa kwanza. Kipande kidogo kama punje ya mchele ni komunio kamili. Kinaweza kuwekwa kwenye kijiko na maji kidogo au kitu kizito kidogo kufuata. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 925, inaruhusu pia komunio kwa divai peke yake inapolazimu, ila kwa anayepaliwa na maji divai ni ileile. Na ile saa moja ya kufunga kabla ya komunio haiwabani wazee na wagonjwa. Anywe, mdomo uwe umelowa.

Na kasiksi, pombe yetu ya ndizi?

Ni nyepesi kama maji, na pombe inalegeza koo zaidi. Hapana.

Wametuambia awekewe mpira wa puani.

Baada ya kiharusi, mpira huo unaweza kumvusha wiki zile ngumu mpaka koo liamke. Ulizeni utakaa muda gani, na nani atawafundisha kuhakikisha uko tumboni kabla ya kila chakula. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau uliofika mwisho ni tofauti: chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilisema mwaka 2014 kwamba mipira ya kulishia haipendekezwi kwao, na kwamba kulishwa kwa mkono kwa uangalifu hakuzidiwi na mpira. Vijiko vitatu vya mashanza kutoka mkononi mwa binti yake, akiwa amekaa, vina thamani. Kumpa hivyo tu si kumwacha.

Tumwone nani hapa mjini?

Wataalamu wa kumeza, maortofonisti, ni wachache mno nchini. Anzeni na daktari wa kituo chenu, muombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa, iwe ile ya Mkoa au Panzi, na muulizie kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyezoea wagonjwa wa kiharusi. Mkifika, msiseme "hali chakula". Semeni: anapaliwa na nini, mara ngapi kwa siku, tangu lini, amepungua kilo ngapi, anameza dawa gani. Mrekodi video fupi ya simu akiwa anakula. Daktari mwenye dakika kumi ataona humo kuliko katika maelezo yenu yote.

Ni mimi peke yangu ninayemlisha. Nimechoka.

Naamini. Chakula kimoja cha dakika arobaini, mara tano kwa siku, ni zaidi ya saa tatu, na bado kuna nguo, maji ya kuteka na watoto. Uchovu ndio unaoleta haraka, na haraka ndiyo inayompalia. Kwa hiyo wafundishe wengine. Yaya, ndugu yako mkubwa, akija kusalimia Jumapili, usimpe kiti cha mgeni. Mpe chako, kile kilicho mbele ya mama. Anawe mikono, umpe kijiko cha chai, umwonyeshe kongomeo linavyopanda na kushuka. Kijiko cha kwanza mshike mkono. Cha pili mwache, wewe ukae pembeni ule chakula chako kikiwa bado cha moto.